Nafasi Iliyo Wazi katika Idara ya Uvumilivu

Msafiri hurudi na vumbi miguuni na maneno kinywani. Vumbi huoshwa siku ileile. Maneno hukaa, na yasiposimuliwa humwasha mwenyewe. Haya ndiyo maneno aliyorudi nayo Nakiete, mkulima wa tangawizi na mama wa watoto wanne, kutoka nchi ya Fadhilani, alikokwenda na binti yake wa mwisho kumtafutia shule.

Binti huyo aliitwa Siaeli. Alikuwa na miaka kumi, akili nyepesi na kigugumizi kizito. Neno lilipotaka kumtoka lilisimama mlangoni kama ng'ombe anayekataa zizi: ukimsukuma hurudi nyuma, ukimwacha huingia mwenyewe. Mama yake alilijua jambo hili. Shule tatu za kwao hazikulijua. Katika ya kwanza, mwalimu alimmalizia kila neno, pamoja na yale ambayo mtoto hakuwa na nia ya kuyasema. Katika ya pili, wenzake walimpigia makofi kumhimiza, mpaka akaacha kabisa kuinua mkono. Katika ya tatu walimkalisha nyuma, karibu na dirisha, na mwisho wa mwaka wakaandika katika ripoti yake kwamba ni mtoto mtulivu sana. Ripoti hiyo ilimliza mama yake kuliko makofi.

Nakiete mwenyewe alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mbili, katika darasa la kisomo cha watu wazima lililokutana kila Jumanne na Alhamisi ndani ya ghala la chama cha ushirika. Kwa hiyo karatasi ya Shule ya Shina Jema ilipomfikia, hakumpa mtu amsomee. Aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, akafahamu kwamba hiyo ni shule binafsi ya Kikristo iliyoko Fadhilani, na kwamba ipo ili kulea akili, mikono na moyo wa mtoto kwa pamoja, mbele za Mungu. Akafunga kanga zake, akamshika mtoto mkono.

Jinsi walivyofika si habari. Habari ni walivyopokelewa. Langoni walimkuta bawabu mnene mwenye beji kifuani iliyoandikwa Ukarimu. Aliwatilia maji wakanawa miguu, akawatandikia mkeka, akawaletea magimbi ya kuchemsha na chai ya maziwa, na kila Siaeli alipomaliza gimbi lake lilitokea jingine mahali palepale. Nakiete alikiri moyoni kwamba hata wakwe zake hawajawahi kumpokea hivyo. Akaona amepata mtu wa kumwuliza lililomleta. Akauliza kama binti yake anaweza kupata nafasi.

Uso wa bawabu ukabadilika. Akaeleza kwa upole na majonzi kwamba swali hilo ni la Tumaini, na Tumaini yuko jengo la pili, ghorofani, naye hufunga ofisi saa nne. Yeye ni Ukarimu. Kumpa mgeni tumaini bila kibali ni kosa, na bawabu aliyemtangulia alipoteza kazi kwa kosa hilohilo. Alipokwisha kusema hayo akamwongezea Nakiete sukari.

Ndipo akamweleza sheria ya nchi. Hapo zamani, kila mtu katika shule ile alitakiwa kuwa na upendo, ukweli, bidii, huruma na mengineyo yote, saa zote, kwa watu wote. Mwaka mmoja mwalimu mjane aliugua homa katika nyumba yake nyuma ya kanisa. Walimu wenzake kumi na wanne walimpenda, na kila mmoja alijua kwa hakika kwamba wale kumi na watatu wamekwisha kumpelekea uji. Siku ya nne mgonjwa alitoka akijikokota kwenda kuomba kibiriti, na hapo ikajulikana kwamba hakuna aliyekwenda. Hakufa. Alipona, akawasamehe. Lakini aibu iliwakaa kooni kama mfupa wa samaki. Wakafunga na kuomba siku tatu, kisha wakapitisha Sheria ya Mgawanyo: tangu siku hiyo kila fadhila iwe na mwenyewe, mwenye ofisi, beji na ufunguo, tena aitwe kwa fadhila hiyo, ili likitokea jambo ijulikane nani wa kuulizwa. Na ili mtu asijifiche tena nyuma ya wema wa mwenzake, ikakatazwa kabisa kutenda fadhila isiyo ya idara yako. Sheria ikapendeza, nchi nzima ikaifuata.

Nakiete hakucheka. Kijijini kwao palikuwa na kisima cha watu wote, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu aliyekifagia. Aliona kwamba hawa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wema walioogopa kurudia kosa, na woga wa namna hiyo hujenga kuta nene kuliko ubaya.

Bawabu akawatembeza, maana Baraza la Walimu lilikuwa bado halijaketi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa kwa mistari iliyonyooka, na kutoka kanisani zilisikika sauti za watoto wakijifunza wimbo wa ibada. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alikuja mbio kwenye kokoto, akajikwaa, akaanguka. Aliyefika kwanza ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi; beji yake ilisema Ukweli. Aliinama akamwambia mtoto kwamba ameanguka. Mtoto akakubali. Akamwambia tena kwamba goti linatoka damu, kwamba litauma mpaka jioni, na kwamba kama asingekimbia mahali palipokatazwa kukimbia, asingeanguka. Yote yalikuwa kweli. Mdomo wa mtoto ulianza kutetemeka, akauliza Bi Upendo yuko wapi.

Mlango wa Bi Upendo ulikuwa mkabala nao, na juu yake palibandikwa tangazo: Upendo yupo semina, atarudi Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumanne. Bawabu alinong'ona kwamba semina inahusu kuwajali walio karibu nasi, nayo inafanyika mbali sana. Nakiete alimtazama Bwana Ukweli. Mkono wake ulikuwa umeingia mfukoni penye leso. Kisha alitazama huku na huku, akautoa mtupu, akaenda zake haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Ofisi iliyofuata ilikuwa ya Bwana Unyenyekevu. Huyu aliwaonyesha kikombe cha fedha alichotuzwa kwa unyenyekevu miaka kumi na mmoja mfululizo. Kikombe kilikaa ndani ya kabati la kioo. Kioo, alieleza, ni kwa ajili ya kuzuia vumbi tu. Akasema hastahili. Akalisema mara tatu, na mara ya tatu akangoja kidogo ili wageni wapate nafasi ya kumkatalia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alijisifu mwenyewe, lakini tembo lake lilikuwa bado halijachacha, kwani alimpisha Siaeli kiti chake akaketi sakafuni, ijapokuwa aliangalia kwanza kama wamemwona.

Mlango wa mwisho ulikuwa na kufuli lenye kutu na karatasi iliyogeuka rangi ya njano. Nakiete aliisoma polepole. Ilitangaza nafasi ya kazi katika Idara ya Uvumilivu. Mwenye idara alistaafu miaka mitatu iliyopita. Walioomba walikuwa wengi, bawabu akasema, ila majibu yalichelewa, na waombaji wote walijitoa kwa hasira. Baraza likaona kwamba hasira hiyo ni ushahidi tosha kwamba hawakufaa.

Nakiete alisimama mbele ya mlango ule kwa muda. Alikuwa amevuka nchi kutafuta watu watakaomngoja mwanawe amalize neno, na kumbe katika shule nzima kungoja ndiko kulikokuwa na kufuli.

Baraza liliketi saa tano. Mkuu wa shule alikuwa mchungaji mzee aliyeitwa Hekima. Aliomba sala fupi, nzuri, isiyo na maneno ya ziada. Kulia kwake waliketi Ukweli na Unyenyekevu, na kushoto Bi Bidii, mwanamke mdogo wa umbo ambaye alikuwa amekwisha kuandika nusu ya kumbukumbu za kikao kabla hakijaanza. Mwishoni mwa meza aliketi Mkaguzi wa Mgawanyo, aliyetumwa na serikali kuhakikisha kwamba hakuna fadhila inayovuka mpaka wake. Alivaa tai nyeusi na saa kubwa ya mkono. Akatangaza kwamba daftari la wanafunzi hufunguliwa siku moja kwa mwaka, siku hiyo ni leo, na hufungwa saa sita kamili.

Kisha mkuu wa shule akamgeukia mtoto, akamwuliza jina lake.

"Si," akasema Siaeli. "Si. Si."

Bi Bidii alikuwa na moyo mwema, lakini miguu yake siku zote iliutangulia. Alikuwa amekwisha kuisoma fomu ya maombi. "Siaeli," akasema. "Haya, tuendelee."

Mtoto akafumba mdomo. Nakiete alikujua kufumba kule. Alikwisha kukuona katika shule tatu, na kila mara kulichukua miezi kufumbuka.

Mkaguzi aliinua kalamu. Akakumbusha kwamba katika Fadhilani jina lisilotamkwa na mwenyewe haliandikwi daftarini, ili mzazi yeyote asije akamleta mtoto chini ya jina la mwingine. Na mtoto anayehitaji muda wa kulitamka husikilizwa na Uvumilivu, si na mtu mwingine. Akauliza kama Uvumilivu yupo. Watu wakatazama meza. Basi, akasema, shauri hili litangoja mwakani. Ingawa, akaongeza baada ya kufikiri, hata huko kungoja kwenyewe hajui kutawekwa chini ya idara gani.

Hapo mjadala ukaanza, na kwa desturi yao mtoto hutolewa nje ili asisikie akijadiliwa. Bwana Ukweli alitumwa kukaa naye kibarazani, amwarifu kila hatua bila kumficha kitu.

Ndani, Bi Bidii alijitolea kumsikiliza, akiahidi kwamba atamsikiliza upesi. Bwana Unyenyekevu akasema yeye hastahili kumsikiliza mtu. Mtu akauliza kama Bi Upendo hawezi kuitwa kutoka semina. Mkaguzi akajibu kwamba Upendo na Uvumilivu wana kesi ya mpaka iliyodumu miaka kumi na tisa, kwa sababu wapo wanaoshikilia kwamba mmoja ni shamba ndani ya shamba la mwenzake, na mpaka kesi iamuliwe hakuna anayeruhusiwa kuvuka. Mkuu akapendekeza kaimu. Sheria ilikubali kaimu, lakini sharti athibitike kuwa amewahi kutenda uvumilivu, wakati hakuna aliyeruhusiwa kuutenda. Walilizunguka jambo hilo kwa heshima na taratibu, kama watu wanaotafuta mlango katika nyumba ya duara, na saa ya Mkaguzi ikasogea mpaka saa tano na nusu.

Mwishowe mkuu wa shule alimwomba Nakiete aseme chochote kuhusu binti yake. Nakiete akasimama. Hakuzoea kuhutubia, kwa hiyo alisimulia tu. Alisema kwamba katika miaka miwili ya kisomo alirudi nyumbani na kazi za kusoma asizoziweza. Alichanganya herufi, akasahau leo alichokijua jana. Siaeli alikaa kando yake wakimenya tangawizi, kitabu kikiwa juu ya gunia kati yao. Alipokwama kwenye neno, mtoto hakumtajia. Hata siku moja. Aliendelea kumenya, macho chini, mpaka mama yake alipolipata neno mwenyewe, na hapo ndipo alipoinua uso akacheka.

Bwana Unyenyekevu alishtuka kitini. Akasema kwamba huo ndio uvumilivu wenyewe, tena wa miaka miwili, tena umetendwa nje ya mipaka ya Fadhilani ambako haukukatazwa. Nafasi imepata mtu. Mtoto hahitaji kusikilizwa na Uvumilivu, kwa kuwa yeye ndiye Uvumilivu. Mkaguzi alifungua sheria, akapekua kurasa kwa kidole chenye mate, akakuta kwamba haikutaja umri. Furaha ikaenea mezani. Bi Bidii alikwisha kuanza kuandika beji. Mkuu wa shule alimwambia Nakiete, machozi yakimlenga, kwamba binti yake atapata darasa, kitanda, ofisi na ufunguo, wala katika shule hii hapatakuwa na mtu wa kumcheka tena.

Lililobaki ni neno moja tu: mama akubali.

Na Nakiete alitaka kukubali. Akilini alimwona Siaeli ana beji kifuani na mlango wake mwenyewe. Aliwaza watakavyosema kijijini. Zilibaki dakika ishirini. Lakini alipotazama nyuso zile zilizokunjuka kwa raha, aliona jambo jingine: ya kwamba raha yao ilikuwa ya watu waliotuliwa mzigo. Kila mtoto mzito wa kuelewa, kila mzazi mwenye maelezo marefu, kila mzee anayesahau alichokuja kusema, wote wangepelekwa kwenye mlango wa mtoto wa miaka kumi, na wengine wangeendelea na haraka zao kwa dhamiri safi.

"Nawashukuru," akasema. "Mmemheshimu mwanangu kuliko alivyowahi kuheshimiwa. Lakini mkimpa yeye uvumilivu wote, nyinyi mtabaki na nini? Na siku atakayokwama yeye, atajingoja mwenyewe?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake, kwa kuwa jibu halikuwa la idara ya mtu.

Akaitoa karatasi ya shule kwenye pindo la kanga, akaikunjua mezani. "Mimi nimejifunza kusoma ukubwani, Mchungaji. Nasoma polepole, kwa hiyo siruki neno. Hapa mmeandika akili, mikono na moyo kwa pamoja. Wengine wanaosoma haraka huenda hilo la mwisho, pamoja, wamelipita. Mimi nilisafiri kwa ajili yake."

Bi Bidii alimwambia kwa sauti ya chini, kama dada na dada, kwamba akikataa hakuna njia nyingine. Nakiete akajibu kwamba anaelewa. Akakaza kanga kiunoni, akamwomba mkuu wa shule ruhusa ya kuondoka, akashukuru hasa kwa magimbi. Hakuwa na karatasi ya shule nyingine.

Mlango ukafunguliwa, Bwana Ukweli akaingia na mtoto. Mkuu wa shule akamweleza kwa kifupi yaliyotokea. Bwana Ukweli alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Mchungaji," akasema, "sina budi kusema, ndiyo kazi niliyopewa. Mlinituma nimwarifu huyu mtoto. Sikumwarifu. Alianza kunisimulia habari za mbuzi wao aliyeingia kanisani siku ya kipaimara, nami nikasikiliza. Imechukua zaidi ya nusu saa. Sikumkatiza, sikumsaidia neno. Nimevumilia bila kibali." Kisha akaendelea, kwa sababu ukweli wa nusu haukuwa desturi yake. "Na kwa kweli zaidi, haikuwa kuvumilia. Nilitaka kujua mbuzi alifanya nini."

Mkaguzi akaanza kuandika.

"Andika na hili, Mheshimiwa. Yule mtoto aliyeanguka asubuhi, nilimrudia nikamfunga goti. Kwa leso yangu."

Kisha Bwana Unyenyekevu akakohoa, akasema kwamba yeye pia ana neno. Tangu Bi Uvumilivu astaafu, kila Jumamosi humpelekea uji na kumkatia kuni, jambo ambalo ni mali ya Idara ya Huruma. Miaka mitatu. "Na sikumwambia mtu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutazama kama wamemsikia.

Bi Bidii alikiri kwamba kila Alhamisi, wakati wenzake wanadhani anahesabu madaftari, huketi peke yake kanisani bila kufanya kazi yoyote, akiwaombea wanafunzi mmoja mmoja, bila haraka; nayo ni mali ya Idara ya Ibada. Bawabu, aliyekuwa dirishani muda wote, akaingiza kichwa akasema kwamba mwezi uliopita pekee amewapa tumaini wazazi kumi na mmoja, na leo alikaribia kumpa mwingine. Mkuu wa shule akawatazama wote kwa zamu. Kisha akasema kwamba yeye, Hekima, hajui la kufanya, na kwamba anatambua kuwa kukiri hivyo si kazi ya idara yake.

Mkaguzi aliandika mpaka ukurasa ukajaa, akageuza, akaandika tena. Alikuwa mtu mwaminifu, wala hakuacha hata lile tumaini ambalo bawabu alikaribia tu kulitoa. Alipomaliza alisoma alichoandika tangu juu mpaka chini, akalegeza tai yake kidogo.

"Kwa mujibu wa kifungu cha tisa," akasema, "mtu anayevuka mpaka huvuliwa idara yake. Basi nyote mmevuliwa." Akageuza ukurasa wa sheria. "Kifungu cha kumi kinamkataza mwenye idara kutenda fadhila ya idara nyingine. Natazama mezani hapa, simwoni mwenye idara." Akatazama saa yake. "Zimebaki dakika nne. Mtoto aulizwe."

Mkuu wa shule alimwuliza jina lake kwa mara ya pili.

Siaeli alimtazama mama yake, na mama yake akatazama chini, kama anayemenya tangawizi.

"Si," akasema mtoto.

Neno likasimama. Bi Bidii aliuweka mkono mdomoni mwake mwenyewe, akaushikilia hapo kwa mkono wa pili. Bwana Unyenyekevu alifumba macho. Nje kengele ya chakula iligongwa, watoto wakapita na sahani zao wakicheka, kisha pakatulia. Mshale mrefu wa saa ya Mkaguzi uliukuta mshale mfupi, ukaupita. Mkaguzi aliuona. Akageuza kiti chake kumwelekea mtoto, mkono wenye saa akauficha chini ya meza.

"Siaeli," akasema Siaeli. Likisha kuingia la kwanza, mengine yakafuata kama kundi, moja likikwama na jingine likiruka: jina la baba yake aliyefariki, jina la kijiji, jina la mama yake na la mlima unaoonekana mlangoni kwao, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia, alieleza pia mbuzi alivyotolewa kanisani. Mchungaji aliandika jina daftarini kwa herufi kubwa, na walipomaliza kucheka habari za mbuzi uji ulikuwa umepoa jikoni, na hapakuwa na wa kulaumiwa kwa sababu hapakuwa na idara.

Nakiete aliketi. Alidhani mambo yamekwisha. Lakini binti yake, ambaye katika shule tatu hakuwahi kumwuliza mwalimu swali, alikuwa bado amesimama.

"Na ni-ninyi," akasema, "m-mnaitwa nani?"

Mkuu wa shule alifungua kinywa kusema Hekima, akakumbuka kwamba amevuliwa. Wakatazamana. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu awaulize. Bwana Ukweli ndiye aliyejibu kwanza, akasema yeye ni Naftali. Bi Bidii akasema Keziai, akatabasamu kama aliyeokota kitu alichokipoteza. Unyenyekevu akasema Gaspari, wala hakuongeza neno. Mchungaji akasema kwamba mama yake alimwita Obedi.

Ikafika zamu ya Mkaguzi. Alikuwa ametumika miaka ishirini na sita chini ya cheo chake, na katika miaka hiyo watu walimwita Mheshimiwa, au hawakumwita kabisa. Alifungua kinywa, akafumba. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"So," akasema. "So. So."

Midomo ya Keziai ilianza kufumbuka ili imsaidie, akaiuma. Siaeli alivuta kiti mpaka mbele ya Mkaguzi, akaketi, akaweka mikono yake magotini, akamngoja.